Mama Jovita na Printa Iliyogoma

Mwaka ule wa 1985 jembe lilikuwa mali. Nasema mali, wala sitanii. Sabuni ilipoadimika, watu walifua kwa majivu. Sukari ilipoadimika, watu walikunywa uji wa chumvi. Lakini jembe likikosekana, mtu alime na nini? Meno?

Nyumbani kwa Yoakimu na mkewe Philomena, kule Maisaka, Babati, kulikuwa na jembe moja tu. Lilikuwa limelika hadi likawa dogo kama kiganja. Asubuhi Yoakimu alilima, Philomena aling'oa magugu kwa mikono. Yoakimu akichoka, walibadilishana. Jioni Yoakimu alilifuta jembe lile, akalipaka mafuta ya kondoo ili lisishike kutu, akalitundika ukutani. Baba yake alifanya hivyo. Babu yake pia.

Philomena, ambaye majirani walimwita Mama Jovita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mbegu. Mradi mmoja wa mbegu ulitaka maharage safi ya kupanda: ya aina moja, yasiyo na wadudu, yasiyochanganywa. Kikundi cha Maisaka kilikubali kuyalima. Hakikuomba fedha, kwa sababu wakati ule hata ukiwa na fedha, duka lilikuwa tupu. Kiliomba majembe. Lori la mradi lingekuja, lishushe majembe, lipakie mbegu, liondoke.

Sharti lilikuwa moja. Kila gunia liwe na lebo iliyochapwa kwa mashine. Lebo ya kuandikwa kwa mkono haikukubaliwa. Mwaka uliotangulia, walanguzi walijiandikia lebo zao kwa kalamu, wakazifunga kwenye magunia ya maharage ya sokoni. Wakulima wa mbali wakapanda takataka, wakavuna hasara.

Kwa hiyo mradi ulikipa kikundi mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kompyuta ndogo, ukubwa wa kitabu kinene cha nyimbo za kanisani. Hiyo ilitunza habari: jina la mkulima, aina ya maharage, siku mbegu zilipopimwa. Ya pili ilikuwa printa, yaani mashine ya kuchapa. Ilikuwa nyepesi, ya kubeba mkononi, na ilitumia betri kubwa za tochi. Kompyuta ile ina habari lakini haiwezi kuchapa. Printa inaweza kuchapa lakini haina habari. Ni lazima ziunganishwe kwa waya, ndipo lebo itoke.

Philomena alikwenda Arusha kufundishwa kazi hiyo na mfanyakazi wa mradi aitwaye Lukresia. Aliporudi, mwenyekiti wa kikundi, Theodory, alisema mbele za watu, "Mashine na mwanamke, wapi na wapi?"

Philomena alizifunga mashine kwenye kitenge safi, akaziweka ndani ya sanduku la bati chumbani. Kompyuta aliitoa siku za kuingiza habari tu, na printa hakuiwasha tena. Betri zilikuwa adimu, akaona azitunze kwa siku ya kazi. Hapo alikosea, kama mtakavyoona.

Maharage yalivunwa. Yalichambuliwa, yakapimwa, yakakubaliwa. Magunia yakapangwa ghalani. Ikafika Jumatano. Lori lilikuwa lije Alhamisi asubuhi, na dereva alikuwa ameshatoa habari kwamba hatasubiri. Dizeli aliyopewa ilitosha kwenda na kurudi tu.

Siku hiyo ya Jumatano wanakikundi walijaa ghalani kuona lebo zikitoka. Philomena alifungua sanduku, akatoa mashine zake. Alichomeka upande mmoja wa waya kwenye kompyuta na upande wa pili kwenye printa. Aliwasha printa. Taa ya kijani ikawaka. Aliwasha kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuchapa.

Kimya. Karatasi haikusogea hata kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno ya Kiingereza.

"Inasema nini?" Theodory aliuliza.

"Inasema haiioni printa."

"Haiioni? Si hiyo hapo mbele yake?"

Watu wakacheka. Philomena hakucheka. Alizima, akawasha upya, akabonyeza tena. Maneno yakawa yale yale. Theodory akaona achukue hatua. Aliishika plagi ya waya akaanza kuisukuma kwa nguvu, kama mtu anayepigilia kigingi cha mbuzi.

Philomena alimshika mkono. "Mwenyekiti, tafadhali. Humo ndani mna vijipini vyembamba. Kimoja kikipinda, Babati nzima hakuna duka la kutuuzia kingine."

"Sasa, Katibu, tufanyeje? Tuandike kwa kalamu?"

"Hawatakubali."

"Basi lori litarudi na majembe yetu!" Theodory alisema kwa ukali. "Nilisema mimi. Tangu mwanzo nilisema."

Machozi yalimlenga Philomena. Aliwaza msimu mwingine wa kung'oa magugu kwa mikono. Aliwaza watu wote wale waliochambua maharage punje kwa punje kwa sababu yeye aliwaambia lebo zitatoka. Akayazuia machozi yake.

"Lori linakuja kesho," alisema. "Leo haijaisha. Mashine hizi asiziguse mtu mpaka nirudi."

Akajifunga khanga, akatoka kwenda posta. Huko alifanya kazi jirani yao, Herieli, fundi wa simu. Philomena alimweleza yote dirishani, bila hata kuvuta pumzi.

"Pole, Mama Jovita," Herieli alisema. "Printa ya namna hiyo sijawahi kuishika. Lakini kazi yangu ni nyaya, na waya ni waya. Nikitoka kazini nakuja. Wewe unaijua mashine, mimi najua waya. Tutasaidiana."

Saa tisa na nusu Herieli alifika ghalani na mkoba wake wa vifaa. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Zimeni zote mbili. Waya hauchomolewi wala hauchomekwi mashine zikiwa zinawaka. Mnaweza kuziunguza."

Philomena alizima, akachomoa waya taratibu.

"Sasa tusikisie," Herieli alisema. "Tutenganishe. Tuna vitu vitatu: kompyuta, printa na waya. Kibovu ni kipi? Mama Jovita, kuna njia ya kuijaribu printa peke yake?"

Philomena alifikiri. Akakumbuka mafunzo ya Arusha. "Ipo! Unashika kitufe cha karatasi, unakibana hivyo hivyo, halafu unawasha."

Alifanya hivyo. Krrr, krrr, krrr! Printa ikachapa herufi zote, kuanzia A hadi Z, mstari juu ya mstari. Watu wakapiga makofi.

"Imepona!" Theodory alisema.

"Haikuwa mgonjwa," Herieli alijibu. "Printa ni nzima. Hilo tumelijua. Kompyuta je?"

Philomena aliiwasha, akabonyeza vitufe. Majina ya wakulima yakapita kwenye kioo, moja baada ya jingine, hakuna lililopotea. Akaizima tena.

"Kompyuta ni nzima," alisema. "Basi ubaya uko katikati."

"Sasa tunaongea lugha moja," Herieli alisema, akacheka.

Akatoa kwenye mkoba kitaa kidogo kilichofungwa kwenye betri, chenye nyaya mbili. Aligusisha mmoja kwenye pini ya mwanzo wa waya wa printa, na wa pili kwenye pini ya mwisho wake. Waya ukiwa mzima, taa huwaka. Taa haikuwaka. Alijaribu pini nyingine. Haikuwaka. Alikunja uso. Akakwangua pini kidogo kwa ukucha, huku na huku, akajaribu tena. Taa ikawaka.

Herieli aliutazama ukucha wake. Ulikuwa na uchafu wa kijivu, laini. Akaunusa.

"Jamani," alisema, "mbona hii inanuka kondoo?"

Yoakimu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisogea mbele akitabasamu, kama mtu aliyeitwa kupewa zawadi.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema. "Wakati wa masika niliona chumba kina unyevu. Nikasema, vichuma vizuri hivi vitaliwa na kutu. Nikavipaka mafuta ya kondoo. Jembe letu limedumu kwa mafuta hayo hayo."

Yoakimu aliwatazama, akamtazama mkewe. Tabasamu likamwisha usoni.

"Baba Jovita!" Philomena alisema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa shambani. Nilitaka zidumu, mama. Nilitaka tu zidumu."

Msimcheke Yoakimu. Mimi simcheki. Mtu aliyeishi na jembe moja miaka yote hiyo, akiona chuma, mkono wake wenyewe unatafuta mafuta. Alifanya kwa upendo na kwa akili. Ila ilikuwa akili ya jembe, na hii haikuwa jembe.

Herieli alimwekea mkono begani. "Jirani, sikiliza. Jembe linagusa udongo, kwa hiyo mafuta hayalizuii kitu. Lakini pini hizi kazi yao ni kugusana, chuma kwa chuma. Umeme mdogo unapita hapo, na huo umeme ndio unaobeba habari kutoka kompyuta kwenda printa. Ukiweka mafuta katikati, tena yakashika vumbi, umejenga ukuta. Habari zinafika ukutani, zinakwama."

"Basi nizifute kwa mafuta ya taa," Yoakimu alisema haraka. "Au nizikwangue kwa kisu."

"Hapana. Mafuta ya taa nayo yanaacha mafuta. Kisu kitachubua pini. Maji na sabuni yataleta hiyo kutu unayoiogopa. Dawa yake ni spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Inayeyusha mafuta, kisha inakauka yenyewe. Ya kwetu posta iliisha zamani, na nyingine hatujaletewa."

"Zahanati," Philomena alisema. Alipogeuka, Yoakimu hakuwapo. Alikuwa ameshatoka mbio.

Zahanati ilikuwa karibu kufungwa. Nesi Mektilda alikuwa anafunga madirisha.

"Habari za kazi, nesi," Yoakimu alisema, akihema. "Naomba spiriti kidogo."

Nesi Mektilda alimtazama juu hadi chini. "Una kidonda?"

"Sina."

"Basi nenda nyumbani. Wanaume wanaoomba spiriti bila kidonda nawajua. Wiki iliyopita mmoja aliinywa, nusura tumzike."

"Nesi, mimi sinywi. Ni ya printa."

"Huyo Printa ni nani?"

Ikabidi Yoakimu aeleze yote: lebo, lori, majembe, na mafuta ya kondoo. Alipofika kwenye mafuta ya kondoo alitazama chini. Nesi Mektilda alimwona jasho linavyomtiririka, akamwamini. Lakini hakumpa chupa. Alilowesha pamba kwa spiriti, akaiweka kwenye kikopo cha dawa, akafunga kifuniko.

"Pamba huwezi kuinywa," alisema. "Kimbia kabla haijakauka."

Akakimbia.

Ghalani Philomena alizungushia kipande kidogo cha pamba kwenye njiti ya kiberiti. Alisafisha pini moja moja, upande huu wa waya na upande ule. Pamba ikawa nyeusi. Alibadili pamba, akasafisha tena mpaka ikatoka nyeupe.

"Sasa subiri zikauke," Herieli alisema. "Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji."

Walisubiri. Theodory alitembea huku na huko mpaka watu wakamwomba akae. Halafu Philomena aliunganisha, na safari hii alisema kila hatua kwa sauti ili wote wasikie.

"Mashine zote zimezimwa. Plagi ina upande mpana na upande mwembamba, na tundu vivyo hivyo. Mpana kwa mpana. Nasukuma moja kwa moja, siyumbishi. Ikikataa, siilazimishi, naangalia nimekosea wapi. Nakaza skrubu za pembeni kwa vidole ili waya usilegee. Nawasha printa kwanza. Nasubiri taa ya kijani. Sasa nawasha kompyuta."

Akabonyeza. Kimya. Maneno yale yale ya Kiingereza yakarudi.

"Basi," Theodory alisema, akainuka. "Imekwisha. Twendeni tukachukue kila mtu gunia lake."

Watu wengine wakaanza kuinuka. Herieli alikuna kichwa. "Waya sasa ni safi, nimeupima. Hapa mimi nimefika mwisho."

"Mimi sijafika," Philomena alisema.

Alizima mashine zote. Akakaa chini sakafuni mbele yazo. Aliufuata waya kwa kidole, tangu kompyuta hadi printa. Pini ni safi. Lakini pini haiishii hewani. Pini inaingia kwenye tundu. Akainua kichwa.

"Baba Jovita, ulipaka pini tu, au na ndani ya tundu?"

"Tundu la kompyuta sikuligusa. La printa... nalo nililipaka."

"Ulipakaje tundu dogo hivyo?"

"Kwa unyoya wa kuku."

Ghala zima likaangua kicheko. Hata Theodory alicheka, na Yoakimu mwenyewe akacheka huku akijifunika uso. Philomena naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta kikopo cha pamba. Ilibaki kidogo, yenye unyevunyevu bado. Aliitia kwenye njiti, akaiingiza kwenye tundu la kwanza, akaizungusha polepole. Ikatoka na donge la mafuta. Alifanya hivyo tundu kwa tundu. Hakuna aliyeondoka tena.

Matundu yalipokauka, aliunganisha kwa utaratibu ule ule. Akawasha printa. Akawasha kompyuta. Akabonyeza.

Krrr. Karatasi ikasogea. Krrr, krrr. Herufi zikajitokeza, nyeusi, zilizonyooka. Theodory alikuwa wa kwanza kuinama. Alisoma kwa sauti, polepole:

"MBEGU YA MAHARAGE. KIKUNDI CHA MAISAKA. IMEPIMWA. MKULIMA: YOAKIMU NA PHILOMENA."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Philomena aliruhusu machozi yake yatoke sasa, kwa sababu yalikuwa ya furaha. Kabla jua halijazama, kila gunia lilikuwa na lebo yake, imewekwa ndani ya nailoni na kushonewa mdomoni mwa gunia.

Asubuhi lori lilifika. Dereva wake, Ombeni, hata injini hakutaka kuzima. Lukresia alishuka, akakagua lebo gunia baada ya gunia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Shusheni majembe," aliwaambia wapakiaji.

Majembe mapya yalitua chini yakilia kwa mlio ule mkulima anaoujua. Watu waliyashika, wakayageuza, wakayagonga kwa vidole. Katika kikundi kila mwanachama alipata lake, mwanaume kwa mwanamke, kwa kuwa wote walikuwa wamelima.

Lukresia alimvuta Philomena pembeni, lakini sauti yake ilisikika. "Mama Jovita, nina shida. Kikundi cha Nakwa printa yao haichapi. Magunia yao nimeyaacha pale pale. Nitapita tena na lori wiki ijayo. Kuna mtu hapa anayeweza kwenda kuwasaidia?"

Theodory alikohoa. Watu walimtazama, wakijua atataja jina la mwanaume. Theodory alitazama magunia, akatazama majembe.

"Atakwenda Katibu," alisema. "Jana mimi nilisema imekwisha. Yeye alikaa chini akatafuta. Nilikosea kuhusu yeye, na nalisema hili mbele yenu wote."

"Lakini nyumbani kwangu kuna watoto," Philomena alisema, "na shamba halijaguswa. Mvua ziko karibu."

"Nenda," Yoakimu alisema. "Watoto nitawapikia. Shamba nitalima."

Philomena akaenda Nakwa. Huko hakukuta mafuta ya kondoo. Alikuta plagi iliyochomekwa juu chini na pini moja iliyopinda, maana mtu alikuwa ameilazimisha. Aliinyoosha pini ile taratibu kwa kibano cha nyusi. Aliwafundisha alichojifunza: zima kabla ya kugusa waya, jaribu kila mashine peke yake, safisha kwa spiriti tu, chomeka bila nguvu, washa printa kwanza. Akawaongezea jambo alilolijua kwa uchungu wake mwenyewe: msisubiri siku ya lori. Jaribuni mapema, hata kama betri ni adimu, kwa maana betri moja iliyotumika kujaribu ni bora kuliko ghala lililojaa maharage yasiyo na lebo. Lebo za Nakwa zikatoka.

Siku hizo Yoakimu alikuwa shambani peke yake, akitifua ardhi kwa jembe jipya. Jembe la pili, jipya vile vile, lilikuwa limeegemea kwenye shina la mparachichi. Kasimiri, jirani kutoka Bagara ambaye hakuwa mwanachama wa kikundi, alipita njiani akasimama.

"Mama Jovita yuko wapi?"

"Nakwa. Anafundisha watu mashine."

"Na chakula unapika wewe?"

"Napika mimi. Jana ugali uliungua, leo utakuwa mzuri."

Kasimiri alicheka sana. Kisha akaliona jembe lililoegemea mtini. "Basi niazime hilo hapo, ndugu yangu. Halina kazi."

Yoakimu alisimama kidogo akafuta jasho. Maisha yake yote, jembe la nyumbani lilikuwa jembe la baba mwenye nyumba. Alilitazama lile mtini, akatikisa kichwa.

"Hilo si langu," alisema. "Hilo ni la Mama Jovita. Akirudi, umwombe mwenyewe."